Motokari ya Chini na Magoti ya Mama

Mama yangu alihamia kwangu Kasenga, mtaa wa Uvira, wakati magoti yake yalipoanza kukataa kazi. Alitoka Kiringye, alikoolewa na kulima mpunga tangu ujana, na siku aliyofika na sanduku lake alisema atakaa mpaka mvua zipungue. Mvua zilipungua, zikarudi, na yeye akabaki. Daktari alimwambia magoti yamelika, asibebe mizigo, asichuchumae, asipande vitu vya juu. Mama ni mtu wa mwili, mzito. Kuinuka kwenye kiti ilikuwa kazi anayoipanga kwanza kichwani, kisha anaitekeleza polepole.

Kasenga watu wanakwenda kwa miguu au kwa pikipiki. Pikipiki mama hakuiweza, maana mguu haukuinuka kupita kiti. Zile jeep zinazobeba abiria ziko juu mno. Tulijaribu mara moja, siku ya Pasaka: wanaume wawili walimshika mikono, wa tatu akamsukuma kwa nyuma, na mama akapanda kama gunia linalopakiwa. Alifika kanisani, akasali, akarudi. Jioni aliniambia hatakwenda tena.

"Si juu ya maumivu," alisema. "Ni juu ya ile mikono ya watu."

Tangu hapo alikaa barazani. Nilikuwa ninauza dawa katika duka langu dogo karibu na barabara, na nikirudi mchana ninamkuta mahali nilipomwacha asubuhi. Hakulalamika. Hilo ndilo lililonifanya nianze kutafuta motokari.

Niliyoipata ilikuwa ndogo, ya Kijapani, yenye usukani upande wa kulia, mali ya kijana mmoja aliyekuwa akiikodisha kwa arusi. Ili ipendeze kwenye picha aliikata resori, yaani zile chemchemi za chuma zinazobeba uzito wa motokari, ikashuka mpaka mabati yake ya pembeni yakafunika sehemu ya magurudumu. Kwenye lami ya katikati ya mji ilionekana kama inateleza juu ya ardhi. Kwenye barabara zetu za ndani ilikwaruza tumbo kila jiwe. Niliinunua kwa sababu ndiyo niliyoiweza bei, nikajiambia kwamba nikipata nafasi nitaipandisha irudi kuwa motokari ya watu wazima. Nilipoileta nyumbani majirani walitoka kutazama, na mmoja akaniuliza nani anaoa.

Mama alitoka na fimbo yake. Aliizunguka, akafungua mlango wa mbele wa kushoto, akaitazama ndani. Halafu akashika paa kwa mkono mmoja, akaipa mgongo, akakaa. Hakupanda, alikaa tu, kama anavyokaa kwenye kibao chake cha jikoni. Akavuta mguu mmoja ndani, akavuta wa pili, akafunga mlango mwenyewe.

"Hii minaiweza," alisema kupitia dirisha.

Jumapili iliyofuata alikwenda misa. Baada ya wiki chache alikuwa anakwenda sokoni, hospitalini, kwa rafiki zake wa kikundi cha sala, na kando ya ziwa kununua ndagala, wale samaki wadogo, akibaki ndani ya motokari huku wauzaji wakimletea mabeseni mlangoni. Nilikuwa nimeanza kuona aibu ya kuendesha motokari ya arusi nikiwa mwanamke wa umri wangu, lakini aibu ile iliisha yenyewe.

Tatizo lilianza kwenye pine, mipira ya magurudumu. Niliweka mpya, na kwa nje zilionekana nzuri. Sikujua kwamba motokari ikishushwa, magurudumu yanainama: juu yanaingia ndani, chini yanatoka nje, na pine inakanyaga kwa ukingo wa ndani peke yake. Huwezi kuuona ukingo ule usipolala chini. Nami sikuwa na sababu ya kulala chini.

Tulikuwa tunakwenda kilio Kiringye, mimi na mama, tumeshapita Sange, niliposikia mlio wa kitu kinachopasuka, na usukani ukanivuta kushoto. Bahati yetu nilikuwa naendesha polepole kwa ajili ya mashimo. Nilisimamisha pembeni ya shamba la mahindi. Vijana waliokuwa wakipita na baiskeli walinisaidia kufungua gurudumu, na mmoja wao akaligeuza, akanionyesha. Upande wa nje pine ilikuwa na meno yake yote. Upande wa ndani ilikuwa laini kama ngozi ya ngoma, na nyuzi za chuma zimetokeza nje.

"Mama, hii ilikuwa imekufa zamani," aliniambia.

Mama yangu alikuwa amekaa ndani wakati wote, kwa sababu kumtoa na kumrudisha kwenye ukingo ule wa barabara kungekuwa vigumu. Aliuliza tu kama kilio tutakikuta. Vijana walitufungia gurudumu la akiba, tukaendelea; tulikikuta kimekwisha, tukakaa na wafiwa, tukarudi mchana uleule, mimi nikiogopa kila kilomita.

Kaka yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, anaishi Bukavu. Nilimsimulia yote kwa simu.

"Hiyo motokari itamuua mama," alisema nilipomaliza. "Ipandishe."

"Mama anaipenda hivyo ilivyo."

"Anaipenda kwa sababu hajui. Weye unajua."

Nilikwenda kwanza kwenye garaji moja ya mjini. Fundi wake alitazama magurudumu kwa jicho moja, kama mtu anayelenga na manati, akakaza huku, akalegeza kule, akahamisha pine za mbele nyuma na za nyuma mbele. Niliporudi barabarani usukani ulikuwa umelala upande motokari ikienda mbele, na mikono yangu ilichoka kuishikilia isiende mtaroni. Baada ya muda mfupi nilipitisha kiganja juu ya pine. Kwenda ndani kilipita vizuri. Kurudi nje kilikwama, kama kwenye msumeno. Pine zilikuwa zinaburutwa kwa upande badala ya kuviringika.

Yaya alishuka kutoka Bukavu na resori ndefu ndani ya gunia. Sikumpinga. Aliifanya kazi mwenyewe uani kwangu, akisaidiwa na jirani, na jioni motokari ilikuwa imesimama juu kama ilivyotoka kiwandani. Magurudumu yalikuwa wima. Yaya aliosha mikono, akafurahi, akamwita mama aje aone.

Mama alikuja. Alifungua mlango, akashika paa, akaipa motokari mgongo, akakaa. Kiti hakikuwa pale mwili wake ulipokitegemea. Kilikuwa juu kidogo tu, labda upana wa kiganja, lakini alikigusa kwa ukingo, akateleza, akaenda chini. Tulimrukia wote wawili. Alikaa mavumbini, kitenge kimepanda magotini, mkono mmoja bado umeshika mlango.

"Munikokote polepole," alisema.

Tuliweka kibao cha kukanyagia. Hakuweza kukanyaga kibao na kugeuka. Yaya akasema atatengeneza ngazi ndogo ya chuma. Mama akamwambia ahsante mwanangu, akaingia nyumbani. Jumapili ile hakwenda misa, na iliyofuata hakwenda. Yaya alikuwa ameshapanda kurudi Bukavu, na kila akipiga simu kuuliza kama motokari inakwenda vizuri nilimjibu kwamba inakwenda vizuri sana. Ilikuwa kweli. Ilikwenda vizuri, na kiti cha kushoto kilikuwa kitupu.

Nilipomwambia ukweli alishuka tena. Tulikaa sebuleni, mama amelala, tukazungumza kwa sauti ya chini. Nilimwambia sitaki kuchagua kati ya pine na mama, nataka mtu atakayetuambia motokari inaweza kukaa chini na bado ikakanyaga sawa. Yaya alisema mtu wa hivyo hayupo Uvira. Lakini kesho yake aliulizauliza kwa madereva wa malori, na wakamwelekeza Kavimvira, kwa fundi mmoja Mrundi wa bondeni aliyewahi kufanya kazi ng'ambo, Bujumbura, na sasa ana banda la mabati upande wa juu wa barabara, mahali maji ya ziwa hayakufika yalipopanda.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ndogo. Tulimweleza yote. Alisema inawezekana, lakini si chini kama ilivyokuwa. Resori za yule kijana ambazo nilizihifadhi alizitupa pembeni baada ya kuzisimamisha juu ya meza: moja ilikuwa fupi kuliko mwenzake, imekatwa kwa kukadiria. Alitafuta nyingine fupi, ngumu, zinazolingana, kutoka kwenye motokari iliyokwisha kufa. Gurudumu lenyewe limefungwa kwenye nguzo yake kwa bulo mbili, yaani skrubu kubwa za chuma, na tundu la bulo ya juu alilipanua kwa tupa, kidogo kidogo, ili aweze kuusukuma upande wa juu wa gurudumu utoke nje kabla ya kukaza. Halafu alinyoosha kamba mbili pande zote za motokari, akazifunga kwenye vigingi, akapima kwa rula kutoka kamba mpaka ukingo wa mbele wa gurudumu na mpaka ukingo wa nyuma. Yaya alishika ncha moja ya kamba. Alikuwa bado na shaka, lakini alishika vizuri.

Mama aliingia bila kusaidiwa, akaenda misa. Niliamini mambo yamekwisha.

Safari hii nilikuwa ninalala chini kila wiki, juu ya mkeka, mbele ya majirani. Na baada ya mwezi hivi niliiona tena: pine tatu nzuri, na ya mbele kushoto imeanza kulika ndani. Nilirudi Kavimvira. Fundi alinyoosha kamba zake, akapima, akakuta kila kitu kama alivyokiacha. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayekula ile pine.

"Kamba haidanganyi, Dada," alisema. "Iko sawa."

"Na pine?"

Alikuna kichwa. Alisema hajui, akaanza kukunja kamba zake.

Jibu nililipata mwenyewe, uwanjani pa kanisa. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, naongea na mwanamke mmoja, mama akiwa anakaa kwenye motokari. Niliona pembe ya mbele ya kushoto ikishuka. Ilishuka taratibu na haikurudi. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona na gurudumu lenyewe likibadilika, likifungua mbele kidogo, kama mguu wa mtu anayetembea vidole nje. Nilimwacha yule mwanamke katikati ya maneno yake.

Nilipomweleza fundi, alikaa juu ya pine kuukuu akafikiri.

"Kwa hiyo tunapima motokari tupu," alisema, "na weye hauiendeshe tupu hata siku moja."

"Ni mara chache sana."

"Basi umulete Mukecuru," alisema, yaani mama mzee kwa Kirundi.

Nilimwogopa mama kidogo katika jambo hilo. Nilidhani ataona tunamhesabu kama mzigo. Nilimwambia jikoni, bila kuzunguka, kwamba fundi anamtaka akae ndani wakati wa kupima, kwa sababu motokari inainama upande wake. Alinitazama.

"Namna gani, muko munapima kiti changu bila mimi?" alisema. "Ngoja nivae."

Alichukua ungo na mchele wa kuchambua, kwa kuwa hapendi kukaa mikono mitupu. Yaya alikuwa ameshuka siku hiyo makusudi. Tulifika Kavimvira asubuhi. Fundi alimsalimu kwa Kirundi, na mama akamjibu kwa Kirundi, maana watu wa bondeni wanapokezana lugha hivyo. Akamwomba akae kama anavyokaa siku zote, asinyooke kwa heshima. Mimi nilikaa kwenye usukani, kwa sababu uzito wangu pia ulihitajika. Walisukuma motokari mbele na nyuma mara kadhaa ili ikae vizuri juu ya miguu yake, na mama akashika ungo usimwagike. Chini ya magurudumu ya mbele waliweka vipande viwili vya plastiki vyenye grisi, ili gurudumu likigeuzwa lisikwame kwenye sakafu.

Halafu tukaambiwa tusitikisike.

Sikumbuki mara ya mwisho nilipokuwa nimekaa na mama yangu bila mmoja wetu kuwa na kazi ya kuondoka. Nje Yaya na fundi walikuwa wanasomeana vipimo. Ndani kulikuwa na mlio wa mchele tu, na vidole vyake vikiokota vijiwe na kuvitupa dirishani.

"Siku ile nilianguka pale mulangoni," alisema bila kuinua macho, "mulizani ninaumia."

"Hukuumia?"

"Kidogo. Lakini si hiyo. Nilikuwa nafikiria Lubarika."

Lubarika anaishi dada yake mkubwa, mtu pekee aliyebaki katika tumbo lao. Mume wa dada yule alipofariki, mama hakuweza kwenda. Magoti ndiyo kwanza yalikuwa yameharibika, na barabara wakati ule haikuwa na usalama. Alinituma mimi. Nilimwakilisha, nikarudi, nikasema wamesalimu.

"Hukuniambia unataka kwenda," nilisema.

"Ningekuambia juu ya nini? Ulikuwa unahangaika na pine."

"Mukecuru," fundi aliita kutoka chini, "usiegemee mulango."

Mama alirudi katikati. "Naye ana macho," aliniambia kwa sauti ya chini.

Kulikuwa na tofauti. Mama akiwa ndani, gurudumu la kushoto lilifungua mbele, kama nilivyoliona kanisani, na lile la kulia likafungua kidogo zaidi ya kawaida kwa ajili yangu. Fundi alilegeza ekru, yaani nati, za vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, akavizungusha, huku kidogo, kule zaidi, akapima, akazungusha tena. Kila alipobadilisha, walitusukuma mbele na nyuma upya. Watu waliokuwa wakienda mpakani walisimama kutazama wanaume wawili wakisukuma wanawake wawili mwendo wa hatua chache na kuwarudisha palepale. Mmoja aliuliza kama motokari imekataa kuwaka. Yaya alimjibu kwamba inapimwa, akaendelea kusukuma.

Mchele ulikwisha kabla ya kazi. Mama alifumba macho akasali rozari, au akalala, sikuweza kujua. Fundi alipokaza ekru ya mwisho jasho lilikuwa limemlowesha shati.

"Sasa iko sawa na nyinyi ndani," alisema. "Mukiwa inje haitakuwa sawa. Lakini mukiwa inje haitembei."

Alituonya pia. Alisema ukingo wa ndani bado utalika kidogo kuliko wa nje, kwa sababu motokari ya chini ni motokari ya chini, na kwamba nihamishe pine mbele na nyuma mapema, nisingoje. Nilimshukuru kwa kusema hivyo. Yaya aliendesha mpaka nyumbani, mimi nikakaa nyuma. Kwenye kipande kilichonyooka aliachia usukani kidogo, vidole vikiwa karibu, na motokari ikaenda mbele yenyewe. Alitazama upande wa mama, na mama alikuwa anatazama ziwa.

Tulikwenda Lubarika msimu wa kiangazi ulipokauka vizuri, siku ambayo madereva walisema barabara imetulia. Tuliondoka mapema. Nilipita mashimo kwa kuyazunguka, na penye matuta nilikata kwa mshazari, gurudumu moja moja, kama nilivyozoea. Kwenye kizuizi kimoja askari aliinama mpaka chini ili atuone, akauliza kwa nini motokari imezama. Mama alimwambia haijazama, iko imekaa. Askari akacheka akatufungulia.

Mama mkubwa wangu alitukuta njiani kwake, amesimama, mwembamba, mrefu, bado analima. Mama alitoa miguu nje, mmoja, wa pili, akashika paa, akasimama. Hawakukimbiliana. Walishikana mikono wakaulizana habari za nyumbani kwa Kifuliiru, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu, mpaka walipofika kwa marehemu shemeji. Hapo mama alilia, na dada yake akamshika bega akamwongoza ndani. Mimi nilibaki nje nikitoa sukari na sabuni tulivyoleta.

Tulikaa mpaka jua lilipopungua ukali. Wakati wa kuaga, mama alimwambia dada yake aje Uvira akae kidogo, aone ziwa, amwone daktari wa macho. Nilitegemea akatae, kwa sababu mpunga ulikuwa haujaingizwa wote ndani. Aliingia nyumbani, akakaa muda, akatoka na kifurushi chini ya kwapa.

Yeye hana shida ya magoti, na hakujua motokari ya namna ile inaingiwaje. Aliinama kuingia kiti cha nyuma kwa kichwa, akajigonga kwenye paa, akarudi nyuma akishika paji la uso.

"Hapana hivyo," mama alimwambia akiwa ameshakaa mbele. "Uipe mugongo kwanza."

Aliipa mgongo, akakaa, akavuta miguu yake mirefu ndani. Motokari ilishuka upande wa nyuma. Nilishuka nikazunguka kutazama, nikaona nafasi iliyobaki kati ya pine na chuma ni ndogo, lakini ipo. Nikarudi kwenye usukani, nikawaomba wakae katikati ya viti vyao, tukaanza kurudi polepole.